Nilivyompeleka Marehemu Langat Kwao Siongiroi

Jibu ni ndiyo. Nilisafiri na marehemu kutoka Soin mpaka Siongiroi, na karibu njia nzima marehemu alikula kuliko mimi. Mmeniuliza kwenye simu, mmeniuliza kanisani, na juzi mmoja wenu kaniuliza kwa kinyozi nikiwa nimenyolewa upande mmoja tu. Yupo aliyesikia nimefukuzwa na mishale, na yupo aliyesikia nimeoa. Nimechoka kurudia. Naandika mara moja, someni, halafu mniache nifanye kazi.

Kwa wale ambao hawajui, nilikuwa mwanajeshi, na nilipelekwa vitani ng'ambo ya mpaka, Somalia. Msinipigie makofi. Nilikuwa karani wa stoo ya chakula, na risasi niliyokuwa karibu nayo zaidi ni ile ya maharagwe yasiyoiva. Jioni nilikuwa naandika katuni. Maneno yalikuwa yangu, michoro ilikuwa ya mwenzangu Kariuki, mtoto wa Kericho mjini, ambaye Mungu alimpa kipaji cha kuchora pua za wakubwa. Kila Jumatano tulibandika ukurasa mmoja kwenye mlango wa jiko la kambi. Shujaa wetu alikuwa Koplo Langat, kwa sababu Langat mwenyewe tulikuwa naye pale pale: mrefu, hana jino moja la mbele, na chapati zikiletwa yeye huwa ameshafika. Hatukubadilisha hata jina. Uvivu wa mwandishi ni dhambi kama dhambi nyingine.

Wiki moja tukamuua. Alipigwa teke na ngamia. Sanduku la mwisho la ukurasa lilikuwa na jeneza, bendera juu yake, wapiga tarumbeta wawili, picha ya Langat akitabasamu na pengo lake, na maneno: "Kwaheri Koplo Langat wa Siongiroi, umetutoka mapema." Kambi ilicheka. Langat alicheka kuliko wote, akadai shada kubwa zaidi la maua. Wiki iliyofuata alikuwa afufuke. Hakufufuka. Ukurasa wa pili haukumaliziwa, na kwa nini haukumaliziwa, nilikuwa nimeapa sitamwambia mtu.

Sasa kuna mtu alipiga picha lile sanduku la mwisho peke yake, akalituma kwa simu. Likaruka kutoka simu hadi simu mpaka Siongiroi. Nyumbani kwa akina Langat waliona jeneza, bendera, jina, kijiji na pengo. Wakasema kumbe siku hizi jeshi linatangaza hivi. Na Langat mwenyewe alikuwa amehamishiwa kituo cha mbali kisicho na netiweki, akakaa huko miezi minne. Siku alipopata simu ya kuazima, mamake alisikia ile sauti akawaka: "Mwizi wewe! Hata sauti ya maiti mnaiba?" Akakata.

Alipopata likizo alikwenda mwenyewe. Hakupita langoni. Shemeji yake alimkimbilia akilia, akamweleza kwamba katika ile miezi minne alijifungua mtoto wa kiume. Kwa Wakipsigis mtoto akizaliwa, wanawake wazee hukaa wakaita majina ya wafu wa ukoo, moja baada ya jingine, na jina ambalo mtoto atalipigia chafya, basi huyo ndiye aliyerudi. Waliita wee, mtoto kimya. Shangazi mmoja akasema, jaribuni Langat. Mtoto akapiga chafya. Ikawa imekwisha. Nyanya, wanayemwita Kogo, alituma neno langoni: Langat tunaye humu ndani, ananyonya. Watu wawili hawawezi kukalia jina moja chini ya paa moja, mmoja atavunjika. Wewe uliye nje hatukujui. Kama uko hai, mlete aliyeandika kwamba umekufa.

Ndipo Langat akaja kunitafuta.

Soin hadi Kericho

Alinikuta Soin juu ya ngazi, nikiandika kibao cha bucha. Nimeacha jeshi, na mtu lazima ale. Jua la Soin mnalijua. Rangi ilikuwa inakauka kabla ya kufika ukutani.

"Buda, shuka," akasema.

"Langat! Si ulikuwa..."

"Nilikufa. Wewe ndio uliniua. Shuka uje unifufue."

Nilidhani ni mzaha mpaka nilipomwona usoni. Huyu ni mtu ambaye makombora yakianguka alikuwa anauliza kama chakula kimeiva. Sasa macho yalikuwa mekundu. Akaniambia, "Momanyi, mamangu amenyoa nywele za matanga. Ameninyolea mimi, na nilikuwa nimesimama hapo langoni namwona." Niliosha brashi. Kibao kiliachwa kimeandikwa "NYAMA FRE" na nasikia mpaka leo kiko hivyo.

Tulipata pikapu ya nyanya inayopanda Kericho. Dereva alituahidi saa moja. Injini iliahidi vingine. Kwenye mlima, pale joto linapokoma na majani chai yanapoanza, ilitoa moshi ikazima, na mvua ya mchana ya Kericho, ambayo haijawahi kuchelewa tangu dunia iumbwe, ikatukuta kwenye turubai na nyanya. Tukakimbilia kibanda cha mama mmoja anayepika chapati. Langat alikula nne kabla sijakaa.

Ndani mlikuwa na mzee mmoja mnunuzi wa ng'ombe. Alimtazama Langat, akaweka kikombe chini polepole. Alikuwa wa Siongiroi. Nikajua sasa ni mbio. Lakini yule mzee alisimama, akavua kofia, akamshika Langat mkono kwa mikono miwili.

"Pole sana, kijana yangu. Ndugu yako alikuwa mtu mzuri. Mlifanana mpaka nimeshtuka."

Nilimtazama Langat. Langat aliitazama chapati.

"Asante, mzee," akasema. "Alikuwa mtu mzuri kweli."

"Alikula sana, lakini alikuwa na heshima."

"Hapo kwa kula wameongeza chumvi."

Mzee akatununulia chai ya rambirambi na chapati tatu zaidi. Jumla saba. Nilimuuliza marehemu kwa nini hakusema ukweli. Akaniambia mtu akiwa na njaa hawezi kuanza hadithi ndefu.

Kericho hadi Chepilat

Asubuhi ya pili Langat alitaka twende moja kwa moja. Mimi ndiye niliyesema tupitie Chepilat, kwa mamangu, na sababu niliyompa ni kwamba mama anajua mila. Kweli anajua, kwa kuwa alichuma chai Kericho miaka thelathini na anazungumza Kikipsigis kuwashinda baadhi ya Wakipsigis wenyewe. Lakini sababu ya kweli ni woga. Nilikuwa nimeshakaa vitani, na bado nilitaka mama yangu.

Tulidandia lori linalopeleka magunia matupu kwenye vituo vya kununulia majani chai. Kituo cha kwanza wachumaji walikuwa wamesubiri tangu alfajiri, wamekasirika, na walipoona wanaume wawili wakishuka na mimi nina kalamu mfukoni, wakaamua mimi ndiye karani mpya. Niliwaambia siye. Mama mmoja akasema, "Hata yule wa jana alisema siye." Nikapewa mizani. Nimepima majani saa nzima, na kwa kweli nilikuwa hodari. Karani halisi alipofika kwa pikipiki, akina mama walimwambia arudi alikotoka, karani tunaye.

Chepilat ni soko la mpakani. Upande huu Wakipsigis, upande ule sisi Wakisii, na katikati ndizi. Mama alikuwa amekaa nyuma ya mikungu yake. Alisikiliza kisa chote akimchagulia mteja ndizi, akarudisha chenji. Kisha akavua kiatu.

"Tata," aliniita, maana mama wa Kisii humwita mwanawe baba hata anapotaka kumpiga, "umeua mtoto wa mtu kwa kalamu?"

"Mama, ilikuwa katuni."

"Na huyo mama yake alilia katuni?"

Kiatu kilinipata begani. Nina miaka thelathini na minne, na soko lote liliona. Halafu akamgeukia Langat, sauti ikiwa asali tupu. "Na wewe marehemu, kaa hapa, kula ndizi."

Akafunga biashara. Alisema hakuna mtu anayekwenda kumkabili mama wa mtu bila kuwa na mama wake. Akachukua mkungu mkubwa kuliko yote, akajifunga kitambaa kipya, na akaniambia nikifika huko nisijifanye mjanja. Hilo la mwisho alilirudia mara tano.

Chepilat hadi Siongiroi

Kesho yake ilikuwa siku ya soko la mifugo Siongiroi, kwa hiyo magari ya kwenda yalikuwa ya ng'ombe. Mama alikaa mbele na dereva kama malkia. Mimi na Langat tulikaa nyuma na fahali mmoja mweusi aliyenipenda bila sababu. Alinilamba sikio kutoka Sotik mpaka majani chai yalipoisha na yakaanza mahindi, nyasi na vumbi.

Kwenye kizuizi polisi alimuuliza dereva amebeba nini. Kabla dereva hajafungua mdomo, mama akajibu, "Fahali mmoja, mwandishi mmoja, na marehemu."

Yule afisa alikuwa mtu wa sheria. Alitaka kibali cha kusafirisha maiti. Tukamwambia maiti ndiye yule anayekula ndizi. Akasema tusimchezee. Alishusha nyasi zote, alipanda juu, akapiga sakafu ya lori kwa rungu akitafuta jeneza, na yule fahali, ambaye alikuwa na wivu juu yangu, akamsukuma hadi ukutani. Tulikaa hapo mpaka jua likawa la utosi. Mwishowe Langat alisimama kwa ukakamavu wa kijeshi, akapiga saluti, akasema, "Afande, mimi ndio maiti. Naenda nyumbani nifufuke." Afisa akashuka akijipangusa nyasi. Akatuambia tuondoke kabla hajatushika wote, fahali pia.

Baada ya hapo Langat hakula tena. Hata ndizi alizikataa. Kadiri tulivyokaribia, alizidi kujikunyata.

"Na Kogo akikataa?" akaniuliza.

"Hawezi kukataa, wewe si uko hapa?"

"Humjui Kogo," akasema. "Akikataa, mama hataniangalia tena maisha yake yote. Sitakuwa na kwetu."

Nilimshika bega, tukashuka.

Langoni

Langat alibaki nje ya lango kama alivyoamriwa. Mimi na mama tuliingia. Kogo alikuwa kwenye kigoda kivulini mwa nyumba, mdogo wa mwili, na kando yake wanawake wazee wanne na shemeji mwenye mtoto mgongoni. Mwanamke mmoja alikaa mbali, amelipa lango kisogo, na kichwa chake kilikuwa kimenyolewa. Sikuhitaji kuambiwa huyo ni nani.

Mama alisalimia, "Chamgei," akaweka mkungu chini, akaongea nao Kikipsigis mpaka wakalegea. Kisha akanisukuma mbele.

Nilikuwa nimetayarisha hotuba. Nilianza na ngamia. Nilieleza lile teke, nikafanya hata mlio wa tarumbeta. Hakuna aliyecheka. Kuku alipita.

"Hiyo ni mchezo?" Kogo akauliza.

"Ndiyo, Kogo. Mchezo tu."

"Kwa hiyo mchezo, mtu akikufa anaamuka?"

"Ndiyo, wiki inayofuata."

"Na huyu, wewe hukuamusha. Kwa nini?"

Nikasema mambo ya kazi, shughuli zilikuwa nyingi. Mama alinifinya mgongoni, pale pale alipokuwa akinifinya kanisani. Kogo akangoja. Akaniuliza tena, kwa upole sasa, na huo upole ndio ulionimaliza.

Nikawaambia. Kwamba mimi ni wa maneno tu, siwezi kuchora hata jiwe. Kwamba Kariuki alikuwa ameanza ule ukurasa wa pili, akachora miguu miwili ikitoka kwenye jeneza, akaukunja akaniachia, akasema atamalizia akirudi. Yeye na wenzake walikwenda kuchota maji Jumanne. Bomu lilikuwa limetegwa barabarani; hakurudi. Jumatano watu walikuja mlangoni pa jiko kutafuta katuni, kwa mazoea, wakasimama hapo, wakaondoka. Wakubwa walisema ningeweza kutafuta mchoraji mwingine. Nilikataa. Nilihisi nikimfufua Langat kwa mkono wa mtu mwingine, nitakuwa nimekubali kwamba Kariuki ndiye hafufuki. Basi nikamwacha Langat kwenye jeneza. Nililia mbele ya wale wanawake wote, kwa kelele, kamasi na kila kitu. Hilo nalo mlitaka kulijua, haya.

Kogo alinipa kitambaa chake nipanguse pua. Kisha akasema mtoto hadanganyi. Jina limechukuliwa, na halirudi. Mamake Langat, aliyekuwa ametupa kisogo, mabega yake yaliporomoka.

"Lakini," akasema Kogo, "nyumba haijajaa. Huyo wa langoni mlete. Kama anataka kuwa wetu, azaliwe."

Chafya

Nimeona mambo vitani. Sijaona kama hili. Koplo mzima, urefu wa mlango, alilazwa chini na kichwa kikawekwa kwenye mapaja ya Kogo. Akamwagiwa ugoro puani, na wanawake wakaanza kuita wafu wao.

"Arap Sigei?" Kimya. "Arap Kirui?" Kimya.

Sasa hapa kulikuwa na shida ambayo wazee hawakuijua. Askari hufundishwa kuzuia chafya. Ukilala kwenye majani usiku, chafya moja ni kaburi. Langat alikuwa amejifunza vizuri mno, na hofu ilikuwa imemkaza zaidi. Machozi yalimtiririka, uso ukawa kama nyanya za dereva wetu, na chafya haikutoka. Majina kumi. Majina kumi na tano. Ugoro ukaongezwa. Wanawake wakaanza kutazamana. Hata mimi, nisiyejua mila, nilielewa: wafu walikuwa wanamkataa mmoja mmoja. Mamake alikuwa amegeuka sasa, ameshika mdomo.

"Arap Tonui?" akaita Kogo, na upepo ukapuliza ugoro ule moja kwa moja usoni pangu.

Nilipiga chafya iliyowaamsha mbwa.

Kila mtu aliganda. Mzee mmoja kati ya wale wanawake akanong'ona, "Ameingia kwa Mkisii." Nikauliza huyo Arap Tonui alikuwa nani. Hawakutaka kusema. Mwishowe shangazi akakohoa, akaeleza kwamba alikuwa babu wa zamani sana, shujaa, aliyejulikana kwa kuvuka kwenda kwa Wakisii na kurudi na ng'ombe wao.

Mamangu alikunja mikono kifuani.

"Vizuri," akasema. "Basi kwa vile ameingia kwangu, arudishe ng'ombe zetu."

Wa kwanza kucheka alikuwa Kogo. Alicheka bila meno, akitikisika mwili mzima, na kichwa cha Langat kikitikisika mapajani pake. Wakafuata wengine. Langat akafumbua jicho moja, akaniona nilivyosimama pale na ukoo mpya, akaanza kucheka naye, na mtu hawezi kucheka na kujizuia kwa wakati mmoja. Kogo, akipangusa macho, akawahi kuita, "Arap Maritim?" Langat akapiga chafya tatu mfululizo.

Vigelegele! Arap Maritim, nikaambiwa baadaye, ni yule babu aliyefariki kwa kushiba kwenye arusi. Hakuna aliyetilia shaka.

Mamake alikuja. Alipiga magoti vumbini, akamshika mwanawe bega, akashuka mpaka kwenye kiwiko, akipapasa kama mtu anayenunua kitu ghali.

"Umekonda," akamwambia. Halafu akalia kilio ambacho sitakieleza.

Siongiroi hadi Kericho

Tulipokuwa tunaondoka mamake Langat alinifuata hadi barabarani. Nilijaribu kuomba msamaha, akanikatiza kwa mkono.

"Huyu amerudi. Lakini ile miezi nilimulilia haitarudi. Hiyo kaa nayo."

"Nitakaa nayo, mama."

"Na mama ya huyo mwingine, wa kuchora. Umeenda kwake?"

Nikasema bado. Akauliza anaishi wapi. Nikasema Kericho mjini, ana duka la nyuzi na vifungo, na kwamba tangu niache jeshi huwa navuka barabara nipite upande wa pili. Alirudi ndani, akatoka na kibuyu cha mursik, yale maziwa ya mgando yenye mkaa, akanipa. "Peleka. Mwambie imetoka kwa mama mwenye alirudishiwa wake."

Siku iliyofuata nilimwacha mama Chepilat, nikapanda Kericho peke yangu. Nilisimama nje ya lile duka kwa muda ambao ningeweza kuandika vibao viwili. Kisha nikaingia. Yule mama alikuwa anapima mshipi wa suruali. Aliniangalia juu ya miwani.

"Wewe ni Momanyi," akasema. "Wa maneno. Aliniambia uko na masikio kubwa."

Nilimpa kibuyu na salamu za mamake Langat. Akamimina vikombe viwili, akanywa, akakunja uso, maana asili yao ni Nyeri na huko hawakuzoea ladha ya mkaa, akanywa tena. Nikatoa pochini ule ukurasa uliokunjwa. Aliufungua juu ya meza, katikati ya vifungo, akapitisha kidole kwenye mistari.

"Hii miguu ni ya nani?"

"Ya Langat. Anafufuka."

"Na alifufuka?"

"Ndiyo, mama. Jana."

Akatikisa kichwa kukubali. Hakunirudishia karatasi. Akaja mteja mlangoni, akamwambia arudi baadaye, akageuza kibao cha duka upande wa "Tumefunga," akavuta kiti akaniwekea.

"Watu wa jeshi walikuja wakaniambia vile alikufa," akasema. "Dakika tano. Hakuna mtu amekuja kuniambia vile alikuwa anakaa huko, kila siku, akiwa mzima. Sasa anza mwanzo. Na usifupishe."

Nikaanza na siku ya kwanza, alipomchora sajini akiwa na pua mbili, na sikufupisha.